Kaka ataka mchanga, fundi ataka msasa, na gari la baba linaliwa na kutu

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, mwanamke wa miaka 41. Nakuandikia habari za gari, ila ukifika mwisho wa barua utaona kuwa gari ni nusu tu ya habari.

Baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Muheza, na mwaka 1971 alinunua Peugeot 404 kutoka kwa meneja wake aliyekuwa anahama. Alikuwa akitusimulia kwamba aliitamani hiyo na si nyingine tangu alipomsikia redioni Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, akishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 na 404. Gari hilo lilitupeleka Lushoto, lilitupeleka Moshi kwa bibi, na ndilo lililomkimbiza mama hospitali usiku niliozaliwa. Mwaka 2004 likasimama, kwa sababu injini ilianza kula oili na macho ya baba yalianza kufifia. Tangu hapo limekaa bandani nyuma ya nyumba, na kutoka bandani mpaka baharini ni mwendo wa dakika tano.

Sasa tumeamua kulifufua. Injini imefunguliwa na imesifiwa. Tatizo ni bodi. Sehemu za chini za milango zimetoboka, sakafu upande wa dereva unaona mchanga wa chini, na kila ukigonga madigadi unadondoka unga mwekundu.

Fundi wetu ni rafiki wa baba, tumemwita baba mdogo tangu utotoni, na bodi ya gari hilo hakuna mwingine aliyewahi kuigusa. Yeye anasema tuikwangue kwa mkono: brashi ya waya, msasa, grenda pale inapobidi, praima ya kushika chuma, puti ya kujazia mashimo, rangi. Kaka yangu yuko Muscat na ndiye anayetoa fedha. Yeye anataka bodi nzima ipelekwe kupigwa mchanga kwa mashine. Ameona gari likifanyiwa hivyo huko, anasema lilitoka jeupe kama sufuria mpya. Ametafuta mpaka akapata yadi inayosafisha matangi ya mafuta, nao wamemwambia bodi nzima ni kazi ya siku moja. Aliniambia hivi: "Kutuma hela ya msasa na puti ni sawa na kununua kutu kwa rejareja."

Nikiwa katikati ya hao wawili nikafanya kosa. Kijana wa gereji moja ya jirani aliniambia kuna njia rahisi ya asidi. Nikamruhusu ajaribu madigadi ya kushoto. Akapaka maji ya betri, kutu ikatoka kweli, akafuta kwa kitambaa, akapiga praima ya kijivu. Kabla mwezi haujaisha kutu ilikuwa imerudi, inatokeza juu ya praima kama upele. Baba mdogo alipoiona hakusema neno. Alikunja mkoba wake wa vifaa akaondoka, na tangu siku hiyo haji. Nilipompigia alinijibu kwa upole tu: "Mkitaka mashine, mwanangu, mashine zipo."

Kuna jambo la mwisho. Ndani ya kifuniko cha buti baba aliandika kwa brashi na rangi nyeupe kila safari kubwa aliyofanya: mahali, mwaka, na kilomita zilizosomeka. Mistari 23. Mama, kila Ijumaa baada ya sala, huenda bandani akafungua buti na kusoma. Ametuambia tulifanye gari tunavyotaka ila kile kifuniko tusikiguse. Na ukingo wa chini wa kifuniko hicho ndio ulioliwa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kaka anataka jibu mwisho wa mwezi. Naona njia yoyote nitakayochagua, nitakuwa nimemchagua mtu na kumwacha mwingine. Nifanye nini? Njia ipi ya kutoa kutu ndiyo sahihi?

Binti wa Karani, Tanga

—

Marahaba, binti yangu, na poleni kwa msiba, maana miaka mitatu si mingi. Kabla sijawa mtu wa kujibu barua nilikuwa kijana wa gereji, na nyundo ya kunyooshea bodi niliishika miaka kumi na minne. Kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili: mara moja kama mzazi, mara nyingine kama fundi.

Nikikuelewa vizuri, una gari moja, kutu ya aina nyingi, na watu watatu ambao kila mmoja ana sehemu ya gari hilo moyoni mwake. Kaka anataka kazi isiyorudiwa. Baba mdogo anataka mkono wake uheshimiwe. Mama anataka mistari 23. Wewe ndiwe unayetakiwa kutamka neno moja litakalowatosha wote, na neno hilo unalitafuta katika jina la njia ya kutoa kutu. Hapo ndipo ninapotaka tuketi kidogo, kwa sababu nashuku swali limekaziwa mahali pasipo penyewe.

Umeniuliza njia ipi. Mimi ningeanza kwa kuuliza chini ya hiyo kutu kumebaki nini. 404 si gari lenye chasisi yake peke yake na bodi ikawekwa juu. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Mwaka 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza Safari Rally, na lililoshinda lilikuwa 404 tena. Uimara huo ulibebwa na sakafu, vizingiti vya milango, na mahali jeki inaposhika, na sakafu ni mojawapo ya sehemu unazoniambia zimetoboka. Pale bati lilipokwisha kwenda, hakuna mchanga, msasa wala asidi ya kulirudisha. Ni kukata mpaka ufike kwenye chuma kizima na kuchomelea bati jipya, tena bodi ikiwa imeegemezwa na milango ikiwa mahali pake, usije ukamaliza kazi ukakuta milango haifungi. Kwa hiyo sehemu ya ubishi kati ya kaka na baba mdogo huenda inahusu bati ambalo halipo.

Kulijua hilo hakuhitaji mashine. Chukua bisibisi imara na sumaku. Sumaku isiposhika, hapo umegusa puti ya zamani. Bisibisi ikizama, hapo ni pa kukata. Ikigonga na kurudi, hapo ni pa kusafisha. Zungusha alama ya chaki kwa rangi tofauti, na asubuhi moja itatosha.

Jambo la pili ni chumvi. Gari lililokaa miaka ishirini kwenye upepo wa bahari lina chumvi ndani ya kila kishimo cha kutu, na chumvi hiyo ndiyo inayoita unyevu hata chini ya rangi nzuri. Watu wengi huanza kukwangua siku ya kwanza. Mimi ningeliosha kwanza kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, juu, chini na uvunguni, likauke, nilioshe tena, na baada ya kukwangua nilioshe mara nyingine na kulikausha upesi. Kazi hii haina sifa na hakuna anayeipigia picha, ila nimeona bodi zilizopigwa mchanga kwa gharama kubwa zikatoa malengelenge kwa sababu iliachwa.

Hapo ndipo ningependa kukutua mzigo wa yale madigadi. Umehitimisha kwamba asidi ni njia mbovu na kwamba ulikosea kuijaribu. Mimi naona kitu kingine. Maji ya betri ni asidi ya salfa. Inatoa kutu, lakini inakula na chuma kizima, na isiposuuzwa kwa maji mengi huacha chumvi zake mwenyewe juu ya bati. Kitambaa hakiwezi kuziondoa. Juu yake ikapigwa praima ya kawaida, na praima nyingi za kawaida hupitisha unyevu zisipofunikwa mapema kwa rangi. Kwa hiyo asidi ilikuwa kosa moja kati ya matatu. Ipo asidi nyingine, ya fosfori, ambayo ni tulivu zaidi: huyeyusha kutu nyepesi na kuigeuza inayobaki kuwa tabaka gumu la fosfati linaloshika praima. Nayo ina hatari yake. Ikiingia kwenye maungio ya bati mawili haitoki kwa urahisi, na itaendelea na kazi yake gizani. Kwenye bati la wazi ni msaidizi mzuri. Kwenye mikunjo ningeiogopa.

Sasa tuje kwa mchanga wa kaka yako. Simlaumu hata kidogo, maana aliyoyaona ni kweli. Hakuna kinachofika chini ya vishimo vya kutu kama mchanga unaosukumwa na kompresa. Lakini yadi aliyoipata husafisha matangi, na bati la tangi ni nene. Bati la gari dogo ni kama milimita moja, mara nyingi chini ya hapo. Mchanga mzito kwa mgandamizo wa tangi hugonga uso wa bati kama nyundo elfu ndogo ndogo, uso ule hutanuka, na boneti iliyokuwa tambarare hupinda kama sinia lililoachwa motoni. Ikishapinda hivyo kuinyoosha ni kazi ya kulia. Paa, boneti, kifuniko cha buti na ngozi za nje za milango ndizo zinazoumia. Uvunguni, ndani ya boneti, rimu na vyuma vinene vya kubebea springi huvumilia vizuri.

Kwa hiyo ikiwa mtakwenda huko, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi. Wanatumia nini? Mchanga wa kawaida vumbi lake huharibu mapafu ya anayepiga na ya aliye jirani, kwa ugonjwa usiopona uitwao silikosisi, na Uingereza iliukataza mchanga huo kwa kazi hii tangu mwaka 1949. Kuna vitu vingine, kama vioo vilivyosagwa, chembe za plastiki kwa bati jembamba, au mawe ya ganeti. Je, wako tayari kupunguza mgandamizo na kuziacha sehemu tambarare? Je, mchanga utakaoingia ndani ya vizingiti vilivyofungika utatolewaje, maana utakaa humo ukinywa unyevu? Na nani atakayepiga praima siku ile ile? Kwa hewa ya Tanga, chuma kilichopigwa mchanga asubuhi kinaweza kuwa na wekundu jioni. "Kazi ya siku moja" ni ya kutoa kutu tu. Kuizuia isirudi ni kazi nyingine, nayo inahitaji mtu awe amesimama na bunduki ya rangi mkononi.

Na msasa wa baba mdogo? Faida yake kubwa ni kwamba mkono unasikia. Fundi mzoefu anajua bati linapokonda kabla halijatoboka, na hakuna mashine inayojua hivyo. Lakini nawe usimpe heshima kwa kumficha ukweli. Brashi ya waya ina tabia ya kung'arisha kutu badala ya kuitoa. Uso unang'aa kama chuma, kumbe vishimo bado vimejaa. Grenda ikikaa mahali pamoja hula bati zima na kulipasha moto mpaka lipinde, kosa lile lile tunalolaumu kwenye mchanga. Na puti juu ya kutu ni kuifukia ikiwa hai. Ungeweza kumwuliza kwa adabu, si kama mtihani: "Baba mdogo, iliyo ndani ya vishimo tunaitoaje?" Huenda ana jibu ambalo hakuna aliyemwuliza. Umeniandikia kaka alichosema na kijana wa jirani alichosema. Sikuona mahali baba mdogo alipoombwa aeleze.

Kuna njia mbili nyingine ambazo hazikutajwa katika ubishi wenu, nami nazipenda kwa vyuma vidogo: bawaba, vishikio vya bampa, kufuli, fremu za viti. Ya kwanza ni molasi, ile ile wafugaji wanayochanganyia ng'ombe chakula. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, ndani ya pipa la plastiki, chuma kizamishwe wiki mbili au tatu. Inaikamata kutu na kuiachia chuma kizima. Inanuka, inzi wanaipenda, na usitie humo alumini wala kitu kilichopakwa zinki, maana itakula. Ya pili ni umeme: maji, vijiko vichache vya soda ya kufulia, chaja ya betri, waya hasi kwenye chuma chako na chanya kwenye chuma chakavu. Chakavu hicho kisiwe chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, kwa sababu hutoa sumu ndani ya maji. Na ifanyike nje, mbali na moto, maana mapovu yake ni gesi ya haidrojeni inayolipuka. Hizi ni kazi ambazo wewe mwenyewe unaweza kuzifanya wikiendi bila fedha ya Muscat na bila ruhusa ya mtu. Nimezitaja kwa makusudi. Katika barua yako yote sikuona mahali mkono wako mwenyewe unapogusa gari la baba yako.

Nimebakiza kifuniko cha buti, ambacho ndicho kilichonifanya nikae na barua hii kwa muda mrefu.

Kifuniko kile kimetengenezwa kwa bati mbili, la nje na la ndani, na la nje limekunjwa ukingoni kulikumbata la ndani. Kutu uliyoiona ukingoni imeanzia ndani ya mkunjo huo, mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Njia zilizopo zote zina kitu zinachochukua. Mnaweza kusafisha ukingo kwa nje tu, mkapaka dawa ya tanini, ile dawa ya asili iliyo pia katika magome ya mikoko, ambayo huigeuza kutu kuwa nyeusi na tulivu, kisha mkaingiza mafuta mazito au nta ndani ya mkunjo. Maandishi yatabaki yote, ila kutu ya ndani itapunguza mwendo tu, haitakufa, na itabidi kurudia kila mwaka. Mnaweza kuufungua mkunjo, kulivua bati la nje na kuweka jipya, bati la ndani lenye maandishi likabaki. Hiyo ni kazi ya mkono wenye subira sana, na joto la kuchomelea likikosewa mistari ya chini itaungua. Au mnaweza kukivua kifuniko kizima kama kilivyo, kikakaa ndani ya nyumba ya mama, na gari likatafutiwa kingine. Hapo maandishi yatakuwa salama kuliko popote, lakini mama atakuwa anasoma ukutani, si bandani, na sijui kama kwake hayo ni mamoja. Hilo aulizwe yeye, na aulizwe mapema. Lolote mtakaloamua, kwanza kipigeni picha mchana, na mnakili mistari yote kwa karatasi ya kupitisha mwanga, kwa ukubwa wake ule ule.

Pia kuna uamuzi ambao hakuna aliyeutaja: kutolipaka rangi upya kabisa. Kuna watu wanaochomelea sehemu zinazobeba gari, wakalisafisha, wakalipaka mafuta uvunguni, wakaliendesha na rangi yake iliyochoka. Fedha kidogo, makovu yote yabaki. Kwa kaka huenda hilo likaonekana kama kushindwa. Kwa wengine ndiko kuhifadhi kwenyewe.

Umesema ukichagua njia utakuwa umemchagua mtu. Tazama tena niliyoyaeleza hapo juu: uvungu unavumilia mashine, ngozi za nje zinataka mkono, vyuma vidogo vinataka pipa, na vizingiti vinataka moto wa kuchomelea. Gari lenyewe halikulazimishi uchague mtu mmoja. Lakini sitakudanganya kwamba kugawa kazi ni bure. Bodi itasafirishwa kwenda yadi na kurudi. Ratiba itavurugika. Na siku rangi itakapovimba mahali fulani, kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole, nawe utakuwa katikati tena. Kumpa mtu mmoja kazi nzima, hata kwa njia isiyo bora kwa kila sehemu, kuna utulivu wake, na wapo niliowaona wakifanya hivyo bila kujuta. Unaijua familia yako kuliko mimi.

Kuhusu baba mdogo, mimi nisingempigia simu tena. Ningekwenda kwake, pengine na mama, na ningesema habari ya madigadi kabla yeye hajaitaja. Mtu aliyeshika bodi moja miaka yote hiyo, akaona maji ya betri juu yake, alikunja mkoba kwa uchungu zaidi kuliko kwa hasira. Na kaka yako aliye mbali hana cha kulishika gari hilo isipokuwa fedha anayotuma, kwa hiyo mwisho wa mwezi aliouweka huenda ni namna yake ya kuwa bandani pamoja nanyi. Mwombe muda, na umpe kitu cha kuona. Siku baba mdogo atakapokubali kuja, mpigie kaka simu ya video bisibisi ikiwa mkononi mwa mzee, na sehemu zichorwe chaki wote wakitazama, kabla hakujatajwa mchanga wala msasa.

Na ukiniandikia tena, niambie bisibisi ilizama wapi, na mama alijibu nini kuhusu kifuniko.